Nywele Zisizofumuliwa

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua Émérence wa mtaa wa Kataki. Yeye alikuwa na sheria moja, na aliishika kuliko zile kumi za Padri: kitu ambacho hajakitia kwenye kichwa chake mwenyewe, hakitii kwenye kichwa cha mtu. Uzi mpya, mafuta mapya, defriza ile ya kuunguza inayonyoosha nywele mpaka zinalala kama ndagala, wale dagaa wa ziwa, walioanikwa, vyote vilipita kwanza kwake. Kichwa chake ndicho kilikuwa kibao cha duka. Wengine huandika ukutani "Hapa tunasuka". Yeye alitembea tu hadi sokoni na kurudi, na kabla hajafika nyumbani alikuwa na wanawake wawili nyuma yake.

Sheria nzuri. Ndiyo iliyommaliza.

Alizaliwa Mpala, chini ya kengele ya misioni, na huko masista walimfundisha sala, hesabu na kushona. Kusuka hakufundishwa na mtu. "Nilizaliwa na vidole," alikuwa akisema, kana kwamba wengine walizaliwa na vijiko. Kalemie aliletwa na bwana wake, Sébastien, ambaye mwaka wa sabini na tisa alipanda treni kwenda Lubumbashi kutafuta kazi kwa majuma mawili. Kama bado anaitafuta, basi ni kazi kubwa sana. Mtoto hawakupata. Lakini dada yake Hélène alipokufa alimwachia Bertille, kitoto cha miaka minne, chenye macho ya kulia na nywele zilizovunja machanuo mawili kwa mwezi.

Hizo nywele ndizo habari yenyewe. Zilikuwa nyeusi, nzito, zimeshonana hata ukimwaga maji juu yake yalikaa kwanza, yakafikiri, ndipo yakaingia. Kila Jumamosi, kwa miaka kumi na sita, Émérence alimkalisha Bertille kati ya magoti yake barazani na kumsuka kwa uzi mweusi. Hapo ndipo mtoto alipojifunza kusoma, akifuata herufi za gazeti lililobandikwa mlangoni. Hapo ndipo alipoambiwa mama yake alikuwa nani. Watoto wengine humjua mama kwa uso. Bertille alimjua wake kwa magoti.

Na wanawake waliokuja kusukwa walikuwa wakisema, "Mama Émérence, hii nywele ya mutoto, ungeikata ukaiuza tungepona sisi wote."

"Yake njo urithi," alijibu, na njo ya kwetu ni ndiyo ya wengine. "Dada yangu hakuacha nyumba, hakuacha shamba. Aliacha hii."

Miaka ile Chama, kimoja tu nchi nzima, kilikuwa kimekataza perike za nywele bandia, suruali kwa wanawake, na majina ya watakatifu kwa kila mtu. Kwenye karatasi Émérence aliitwa Feza. Barazani alibaki Émérence, maana baraza haina karani. Kisha mwaka wa tisini ikasemwa redioni kwamba Chama hakiko peke yake tena, na ndani ya mwezi mmoja mambo matatu yakarudi Kalemie: majina ya ubatizo, kravati shingoni, na nywele za watu wengine.

Nywele zilishuka bandarini pamoja na Mama Emilie. Huyu alikuwa mfanyabiashara, mtu wa Uvira, aliyevuka ziwa kwenda Kigoma na kurudi mara nyingi kuliko samaki. Siku hiyo aliteremka melini na nywele zimefika mabegani, nyororo, bila fundo, bila uzi, bila mstari. Akaja moja kwa moja barazani kwa Émérence, kwa sababu raha ya kitu kipya ni kumwonyesha anayejua.

"Ilisukwa wapi hii?" Émérence aliuliza, akiingiza kidole kutafuta mshono.

"Haikusukwa. Ilibandikwa."

"Kama tembre ya posta?"

"Kama tembre, mama. Na mimi njo barua."

Akaeleza. Unazisuka nywele za mtu zilale chini, mistari myembamba, halafu unachukua meshi, utepe wa nywele ulioshonwa tayari, unaupaka kole, yaani gundi, nyeusi, kwa kijiti, unausubiri ukauke kidogo, unaubandika. Saa moja, umekwisha. Kusuka kwa uzi kulikuwa kazi ya mchana mzima. Akatoa mkobani chupa tatu za kole, ndogo kama za dawa ya macho, akaziweka kwenye benchi.

Émérence alijibandika mwenyewe kesho yake, mbele ya kioo chake chenye ufa. Alipomaliza alifunga kibanda na kuteremka hadi ufukweni, kwa sababu kitu kipya lazima kipimwe. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda. Na nywele zikaondoka begani.

Ni jambo dogo, lakini mwanamke aliyesukwa kwa uzi tangu utoto hajawahi kulipata. Nywele za uzi hazisikii upepo. Zinakaa kama askari. Hizi zilisikia: ziliinuka, zikampiga shavuni, zikamwingia mdomoni, na Émérence, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, aliyeachwa na treni, akasimama peke yake kati ya mitumbwi iliyopinduliwa na kucheka. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu alimsalimia "bonjour mademoiselle", kama msichana ambaye hajaolewa. Hilo neno hakulirudisha kwa mwenyewe. Alirudi nalo nyumbani.

Basi foleni. Wake za walimu, wasichana wa biro za serikali, mama wa soko wenye harufu ya samaki wa mikebuka, wote walitaka ya kubandika. Hata waliokuja kutoka Nyunzu kwa treni waliuliza njiani, "Kwa mama wa tembre njo wapi?" Émérence aliwabandika na kuwabandua kwa mafuta ya mawese, siku tatu za kupaka na kusubiri, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto usingizini. Mama Emilie hakuwa ameleta dawa ya kubandulia. "Watu wanauza mlango bila ufunguo," Émérence alisema, akaendelea na mawese.

Aliona, lakini. Fundi haachi kuona. Aliona kwamba kila mwanamke aliyerudi mara ya tatu au ya nne, nywele za pembeni, zile laini juu ya sikio, zilikuwa zimerudi nyuma kidogo. Paji la uso lilikuwa linapanda. Akasema moyoni, ni jua.

Halafu ukaja mwaka wa uporaji. Habari za maduka kuvunjwa mijini zilifika Kigoma kabla ya watu, na meli ikakaa ng'ambo majuma saba. Kole ikaisha. Émérence akawa na meshi sandukuni, wanawake barazani, na chupa tupu tatu.

Karibu na daraja la Lukuga alikaa Papa Néhémie, Mubembe mmoja aliyeziba mipira ya kinga, maana ndivyo tunavyoiita baiskeli. Mbele yake, juu ya gunia, kulikuwa na vipande vya mpira, msasa na makopo madogo ya kole yake.

"Papa Néhémie, hii yako inashika nini?"

"Inashika kila kitu isipokuwa ahadi ya mwanaume."

"Na ngozi?"

"Angalia kidole changu. Tangu Jumatatu kinakaa na mwenzake kama watu wa ndoa. Unataka kuziba nini, mama?"

"Shida."

"Basi umefika. Soma mwenyewe."

Akampa kopo. Juu yake, kwa herufi nyekundu, kulikuwa na neno moja: SOLUTION. Sasa, masista wa Mpala walimfundisha Émérence hesabu kwa Kifaransa, na chini ya kila hesabu waliandika neno hilo hilo na kulipigia mstari: solution, jibu. Lakini kopo lilitoka ng'ambo, ambako neno hilo ni la Kiingereza, nalo ni jina la kole ya kubandikia viraka. Émérence alisoma kwa Kifaransa kitu kilichoandikwa kwa Kiingereza, akaenda nyumbani na jibu.

Akashika sheria yake. Alijitia mwenyewe kwanza.

Ilishika. Ilishika jua, ikashika mvua, ikashika hata siku ile alipoanguka majini akipanda mtumbwi. Wanawake waliuliza zamu yao lini, naye akasema, "Mungoje, bado naijaribu." Juma la pili ikaanza kuwasha. La tatu ikaanza kunuka. Akapaka mawese, mawese yalipita juu kama mgeni asiyekaribishwa. Akapaka petroli ya taa. Mwisho akafunga mlango, akauma pembe ya kitenge, akavuta.

Upande wa kushoto ulitoka wote: meshi, nywele zake, na kitu kingine kilichokuwa chini ya nywele. Wa kulia ukatoka nusu.

Alikwenda dispansere wakati vidonda vilipoanza kutoa maji. Muuguzi alimsafisha kwanza, halafu akasema.

"Mama, hapa haitaota."

"Mwaka huu?"

"Kovu halioti nywele. Umeishaona goti lenye kovu likaota?"

"Goti langu halikuwahi kuwa na nywele."

"Sasa hii sehemu nayo ni goti."

Kwa hiyo, kutoka sikio la kushoto hadi katikati ya utosi, Émérence msusi akawa na ngozi inayong'aa kama yai lililomenywa. Hakuna aliyeona. Meli ilirudi, Mama Emilie akaleta kole ya kweli, na Émérence akabandika meshi juu ya upara wake, akizishikiza kwenye nywele chache zilizobaki pembezoni. Juu yake akafunga kitambaa, ukingo wa meshi ukichungulia kwa mbele, mzuri kama kawaida. Watu wakasema, mama huyu hazeeki. Na zile nywele chache zilizoshikilia, kole ilikuwa inazila nazo, polepole, kwa adabu. Alijua. Ya kinga ilikula kwa mikono miwili. Ya kweli ilikula kwa kijiko. Lakini zote zilikuwa mezani. Na yeye alizidi kubandika kwa sababu ya kile alichokificha, na alikificha kwa sababu ya kubandika, na kama kuna njia ya kutoka kwenye hesabu kama hiyo, masista hawakuifundisha.

Jambo moja tu lilimfariji: Bertille hakuwa amebandikwa hata mara moja. Kila Jumamosi alimsuka kwa uzi. Mtoto akiomba, alimjibu, "Wewe una yako." Kitu kimoja kizima kilibaki nyumbani humo, nacho kilikuwa kinakaa kati ya magoti yake.

Mwaka wa tisini na tatu Bertille akachumbiwa na Firmin, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole wa milima ya Moba aliyesahihisha hata salamu za watu. Ndoa ikawekwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Juma moja kabla, Bertille alisimama barazani, mikono kiunoni.

"Mama mudogo, mimi sitaingia kanisani na uzi."

"Mama yako aliingia na uzi."

"Mama yangu alipigwa picha?"

"Kole imeisha," Émérence alisema. Ilikuwa uongo. Chupa nusu ilikuwa sandukuni, ndani ya soksi ya Sébastien.

Bertille alitoka, na alasiri akarudi na kopo dogo mkononi, lenye herufi nyekundu.

"Papa Néhémie anasema wewe unaijua. Anasema ulinunua kwake, miaka miwili sasa. Angalia, iko hata na jina: solution."

Émérence aliangalia kopo, akaangalia ile nywele, akainuka na kufunga mlango. Akaketi. Akafungua fundo la kitambaa, akakitoa. Halafu, kwa mafuta na kidole, akaanza kuzibandua meshi zake mwenyewe mbele ya mtoto wake, na hazikukawia, maana hazikuwa na cha kushika.

Bertille aliangalia. Akanyoosha mkono, akagusa ile ngozi ya yai kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima chungu kama bado ni cha moto. Machozi yakamtoka.

"Hii njo solution," Émérence alisema.

Nje mtu alipita akiuza samaki. Bertille alijifuta, akaweka kopo chini, akalisukuma mbali kwa mguu.

"Basi toa ile ya kweli uliyoficha ndani ya soksi."

"Hata hiyo inakula, Bertille."

"Inakula kwa miaka. Mimi naomba siku nane." Akapiga magoti, akaingia kati ya magoti ya mama yake mdogo kama Jumamosi zote, lakini safari hii kwa kumwelekea. "Wewe ulipoibandika mara ya kwanza ulishuka ziwani. Nilikufuata. Nilikuona unacheka. Tangu siku ile sijakuona tena unacheka hivyo. Nami nataka ile. Mara moja."

Ukitaka uzuri sharti udhurike, methali inasema, na methali haitaji kiasi. Émérence alipiga hesabu: kole ya kweli, mara ya kwanza, nywele nene, na mimi mwenyewe nitabandua, kwa mawese, siku tatu, polepole. Hautapotea hata unywele. Akaleta soksi.

Bertille aliingia kanisani na upepo. Wanasema hata Padri alisahau mstari.

Kwenye karamu ndipo mama yake Firmin aliposimama. Jina lake Philomène, mwanamke mrefu aliyeshuka kutoka milimani na mbuzi wawili na neno la kusema. Alimkumbatia Bertille, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mama Émérence, umetusukia mutoto vizuri. Sasa katika ukoo wetu, nyumba inayomusuka bibi-arusi siyo inayomufumua. Jumapili ya pili mimi mwenyewe nitamufumua, mbele ya mashangazi. Unaleta mafuta na chanuo, unanipa mukononi. Hapo mutoto anakuwa wetu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Émérence alikuwa na mfupa wa mbuzi mkononi, aliushika tu.

"Mama," akasema, "ile haikusukwa. Ilibandikwa."

"Basi nitaibandua," Philomène akajibu, na meza nzima ikacheka, kwa sababu lilijibiwa vizuri.

Jumatano Émérence alikwenda nyumbani kwa Firmin na chupa ya mawese. Bertille akamkatalia mlangoni kwa sauti ya chini: wake za walimu walikuwa wanakuja kumwona kesho, na Firmin anapenda kulala mkono wake ukiwa ndani ya nywele. "Jumamosi, Mama mudogo." Jumamosi alikwenda tena. Safari hii Philomène ndiye aliyefungua, akaona chupa, akaona kitambaa cha kufutia mafuta, na uso wake ukabadilika.

"Unakuja kumufumua leo, mama, ili kesho mimi nifumue nini? Ao mukono wangu haukutoshi?"

Ao, yaani au. Lakini kwa sauti ile lilikuwa neno kubwa zaidi. Émérence aliomba radhi. Alirudi na mawese yake.

Jumapili, baada ya misa ya pili, mikeka ikatandikwa uani. Mashangazi sita, Philomène kwenye kiti kidogo, Bertille chini kati ya magoti yake. Magoti mengine. Émérence alikabidhi chanuo na bakuli la mafuta kwa mikono miwili kama ilivyotakiwa, akakaa karibu. Philomène akatangaza desturi: bibi-arusi hasemi hata "a" mpaka unywele wa mwisho, maana anayelia akifumuliwa atalia katika nyumba.

Halafu akaanza kutafuta mwanzo.

Mtu aliyefumua nywele maisha yake yote anajua kwamba kila kilichosukwa kina ncha, na ukiipata ncha, vyote vinafuata. Philomène alitafuta ncha. Alipita nyuma ya sikio, akapita kisogoni, vidole vyake vyema, vyenye upendo, vikiuliza kila mahali. Akachovya mafuta. Akatafuta tena. Mashangazi wakaanza kutaniana.

"Mama, labda imefungwa na kufuli."

"Muulize mwalimu, yeye anajua njia."

"Mama, tafadhali," Émérence akasema. "Hiyo haifumuliwi. Inataka siku tatu za mafuta. Nipe mimi."

"Kila kilichofungwa kinafumuliwa," Philomène akasema, bila ukali, na hapo akapata ukingo wa utepe, juu ya sikio la kushoto. Akafurahi. Akaushika kwa vidole viwili, akaukaza, na akavuta kama mtu anayeng'oa muhogo: imara, kwa mkono mmoja, kwa nia njema.

Bertille hakusema "a". Aliuma kitenge chake, mahali pale pale mama yake mdogo alipouma chake, na macho yake yakamtafuta Émérence na kumwambia, usiseme. Utepe wa kwanza ukatoka. Wa pili. Alipofika wa nne Philomène akasimama, akauinua kwenye mwanga. Upande wa chini ulikuwa na nywele nyingine, fupi, nene, nyeusi, kila moja na kimzizi cheupe. Urithi wa Hélène ulikuwa unaning'inia mkononi mwake. Kichwani, damu ilikuwa inatoka kwa matone madogo kama jasho.

Shangazi mmoja akasogeza mkeka wake nyuma.

"Nywele inatoka hivi," akasema taratibu, "kwa mutu mwenye ugonjwa wa siku hizi."

Mwaka ule ugonjwa huo haukutajwa jina mjini, na kila mtu alijua dalili zake kuliko Baba Yetu. Philomène alimwangalia Bertille, halafu vidole vyake mwenyewe, vyenye damu. Akavishika mbali na mwili.

Hapo Émérence akavunja alichokilinda miaka miwili. Alisimama katikati ya ua akafungua fundo, akatoa kitambaa, akatoa na meshi, wote waone. "Siyo ugonjwa," alisema. "Ni kole. Muniangalie mimi. Ni kole ilinifanya hivi. Nilitia ile ya kuzibia mpira wa kinga, muulize Papa Néhémie pale darajani, ni kole tu."

Waliangalia. Mwanamke wa kwanza, upara. Mtoto wa dada yake, upara unaoanza. Na dada mwenyewe, alikufa na nini vile? Akiwa kijana, sivyo?

"Kole ya kinga," shangazi akarudia. "Kichwani. Mutu mwenye akili."

"Ah," Philomène akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Kumbe njo ya ukoo."

Uongo ungeaminiwa. Ukweli wa Émérence ulikuwa wa kijinga mno. Hakuna aliyekuwa tayari kumdhania ujinga kiasi kile. Wakamheshimu, wakachagua ugonjwa.

Bertille hawakumrudisha. Ndoa ya kanisa hairudishwi kama shati. Firmin alimpeleka dispansere, damu yake ikatumwa Lubumbashi kwa treni, na jibu halikurudi, maana treni ile ina mazoea yake. Philomène alipanda milimani bila kuketi na Émérence kuagana, magoti kwa magoti. Kilichobaki kilikuwa kidogo kidogo: sahani ya Bertille ikawekwa peke yake. Kikombe chake kikafungwa uzi mwekundu. Chanuo lake likakatazwa kukaa pamoja na mengine. Firmin alilala mkono wake ukiwa chini ya mto wake mwenyewe. Na pembeni, juu ya sikio la kushoto, mwezi wa kwanza nywele hazikuota. Wa pili hazikuota. Émérence alimpaka kila kitu, majani, mafuta ya nyonyo, asali ya Niemba, akijua alichoambiwa juu ya goti.

Barazani wanawake walipungua. Kibao cha duka kilikuwa kimesomwa.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane Bertille alikuja, amefunga kitambaa. Akaketi kati ya magoti ya Émérence, mgongo kwake, kama zamani, akakifungua. Mlangoni lile gazeti bado lilikuwepo, limegeuka manjano.

"Bandika," akasema.

"Bertille."

"Nikiwa hivi wanaona maiti. Nikibandika wanaona bibi wa mwalimu. Jana nilivaa kitambaa nikasikia watoto wa darasa lake wananihesabia siku. Bandika, Mama mudogo."

Émérence alitafuta jibu. Lilikuwepo moja tu, na lilikuwa ndani ya soksi. Akatikisa chupa, akaipima mgongoni mwa mkono wake, kwa sababu sheria ni sheria. Akachukua utepe, akaupuliza ukauke kidogo. Mahali pa zamani hapakuwa na cha kushika tena, ilibidi aingie ndani, upana wa vidole viwili, mpaka pale ambapo nywele za Hélène bado zilikuwa nene.

"Inauma?"

"Hapana."

Akabandika. Chini ya kidole gumba alisikia mishipa ya mtoto inapiga. Safari ijayo ingekuwa vidole vitatu.